Jina la Zulfa Katika Kumbukumbu za Seva

Kila siku ya shule, saa tisa na nusu alasiri, Lidwina na rafiki yake Jane walitoka pamoja na kushuka barabara ya Bombambili. Walikuwa wa darasa la sita. Wakiwa na karanga waligawana, wakiwa hawana walibishana tu kuhusu majibu ya hesabu. Kwenye njia panda Jane alikwenda kwao, na Lidwina akaendelea hadi kituo cha afya alikofanya kazi mama yake mdogo, Aurelia.

Wazazi wa Lidwina walikuwa wakulima wa kahawa huko Mbinga. Yeye aliishi Songea kwa mama mdogo tangu darasa la nne, na kwa kuwa nyumba ilibaki imefungwa mpaka saa kumi na moja, kazi zake za shule alizifanyia kituoni.

"Shikamoo, kaka Polikarp," alisalimia mapokezini.

"Marahaba, dada mkubwa. Leo umetuletea alama ngapi?"

Polikarp alikuwa mwandikishaji wa wagonjwa. Alimwita Lidwina "dada mkubwa" ingawa alikuwa na miaka kumi na miwili tu, na baridi ya Juni ilipozidi alimmiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake mwenyewe.

Mamdogo Aurelia alikuwa afisa TEHAMA wa kituo. Chumba chake kilikuwa nyuma ya mapokezi, kidogo kama stoo, kina meza moja, viti viwili na seva ambayo feni zake zilivuma kutwa nzima. Seva hiyo iliunganisha kituo na zahanati kadhaa za vijijini, hadi upande wa Tunduru kule Nalasi na Namasakata.

"Hili ni lango," Mamdogo alimweleza siku moja Lidwina alipouliza mashine ile ina kazi gani. "Daktari wetu akitaka faili la mgonjwa wa Nalasi, ombi lake haliendi kule moja kwa moja. Linafika hapa kwanza. Lango linauliza: wewe ni nani? Una ruhusa? Unataka nini? Likiridhika, linalipeleka ombi Nalasi na kusubiri jibu. Na kwa kila ombi, hata la faili la hapahapa kituoni, linaandika mstari kwenye faili la kumbukumbu. Jambo likiharibika, tunarudi kusoma mistari hiyo."

Wiki ile jambo liliharibika. Mafaili ya Nalasi yalikuwa hayafunguki. Mengine yalikuja, mengine hayakuja, na hakuna aliyejua kwa nini. Mama mmoja alisafiri na mtoto wake mgonjwa kutoka huko, akafika amechoka, akaambiwa kwamba faili la mtoto halionekani. Ilibidi mtoto achomwe sindano tena na vipimo vianze upya. Mamdogo alisikia kilio cha yule mtoto kutoka chumbani kwake. Siku hiyo hakula chakula cha mchana.

"Kumbukumbu zetu ni fupi mno," alisema. "Zinaandika 'limepita' au 'limekwama', basi. Nitaliambia lango liandike kila kitu."

Alifungua faili la mipangilio, akabadilisha maneno mawili matatu, akaiwasha upya huduma ya lango. Kuanzia hapo lango likawa linaandika kweli kweli: saa, mahali ombi lilikotoka, aliyeomba, alichoomba na kilichomo ndani yake. Kesho yake Mamdogo alichapisha kurasa thelathini ili asome vizuri. Lakini alikuwa hajakaa sawa akaitwa famasi, kompyuta imegoma. Akamwachia Lidwina lile bunda la karatasi.

"Nisaidie kitu kimoja. Pigia mstari kila penye namba 504. Maana yake lango limesubiri jibu mpaka likakata tamaa. Soma namba tu, umesikia? Majina ya watu yaliyomo humo hayatuhusu."

"Nimesikia, Mamdogo."

Lidwina alianza kazi. Macho yaliuma, vidole vikaganda kwa baridi, lakini hakuacha. Kwenye ukurasa wa kumi na tisa alisimamisha kalamu. Akarudi nyuma kurasa tano, akalinganisha. Mamdogo aliporudi alimkuta amesimama.

"Mamdogo, mbona maombi yote yaliyokwama yameishia kwenye sekunde tatu? Hakuna hata moja lililoishia mbili wala nne."

Mamdogo akachukua karatasi. Akasoma, akashika kichwa, kisha akacheka. "Sekunde tatu! Mimi ndiye niliyeliambia lango lisisubiri zaidi ya hapo. Mtandao wa kule ni wa polepole. Majibu yanakuwa njiani, sisi tumeshafunga!" Alibadilisha tatu kuwa thelathini, akajaribu faili moja la Nalasi. Likafunguka. Akajaribu la pili. Nalo likafunguka. Alimkumbatia Lidwina mpaka kiti kikaanguka.

Ilikuwa siku njema. Lakini kuna kitu Lidwina hakumwambia. Kwenye ukurasa wa ishirini na mbili, macho yake yaliteleza kutoka kwenye namba na kusoma mstari mzima: *Zulfa Daimu, miaka 12, kliniki ya kifafa, dawa za mwezi, Alhamisi.*

Zulfa Daimu alisoma naye darasa moja. Wazazi wake walihamia Songea kutoka Tunduru, na baba yake aliuza korosho sokoni. Kwenye mchezo wa rede hakuna aliyemfikia Zulfa. Ungemrushia mpira wewe na wenzako mpaka mchoke, yeye angejikunja, angeruka, angecheka, mpira usimguse.

Kesho yake, wakitoka shule, Jane alimtania Lidwina. "Kila siku unakwenda kukaa kwenye kile chumba. Unafanya nini huko? Unafagia?"

"Sifagii," Lidwina alijibu kwa hasira kidogo. "Jana nimetengeneza seva."

"Wewe? Uongo!"

"Nilipewa karatasi zote za siri. Najua mambo ambayo hata walimu hawayajui."

"Kama lipi?"

Lidwina alisita. Angeweza kunyamaza hapo. Lakini Jane alikuwa anamtazama kwa macho ya kutomwamini, na yeye alitaka sana aaminiwe. Akamsogelea sikioni. "Usimwambie mtu. Zulfa ana kifafa."

Jane hakumwambia mtu, isipokuwa dada yake. Dada yake alimwambia mmoja tu. Mpaka Jumatatu asubuhi darasa zima lilikuwa linajua.

Hakuna aliyemtukana Zulfa. Walichofanya kilikuwa kibaya zaidi ya matusi. Aliyekuwa anakaa naye dawati moja, Noela, alihamia dawati la nyuma. Kwenye bomba la maji walimwacha anywe wa mwisho, kisha wengine wakaondoka bila kunywa, kwa sababu kuna aliyesema kifafa kinaambukiza kwa mate. Wakati wa mapumziko Zulfa alikwenda uwanjani kama kawaida. Mpira wa rede ulipomgusa, ukaanguka chini, na hakuna aliyetaka kuuokota. Zulfa aliutazama ule mpira. Akawatazama wenzake. Kisha akarudi darasani peke yake.

Lidwina aliona yote. Alitamani ardhi impasukie aingie. Alimvuta Jane pembeni. "Si nilikwambia usimwambie mtu?"

"Na wewe si uliambiwa usiseme?" Jane alijibu, naye akiwa karibu kulia.

Jumatano Zulfa hakuja shule. Alhamisi hakuja. Wiki iliyofuata nayo, kiti chake kilikaa kitupu.

Jumanne alasiri, Lidwina akiwa chumba cha seva na daftari lake, alisikia sauti ya mwanamke mapokezini. Haikuwa ya kugomba. Ilikuwa ya mtu aliyekwishalia akamaliza.

"Mimi ni mama yake Zulfa Daimu. Naitwa Saada. Nataka kumwona daktari mkuu."

Dokta Otto, mganga mkuu wa kituo, alitoka. Mlango wa chumba cha seva ulikuwa wazi kidogo, na Lidwina alimwona Zulfa amesimama nyuma ya mama yake, amefungwa bandeji kwenye paji la uso.

"Dokta," alisema Bi Saada, "miaka mitatu mwanangu anameza dawa zake kila siku, na miaka mitatu hajaanguka hata mara moja. Alhamisi alikataa kuja kuchukua dawa. Anasema darasa zima limeujua ugonjwa wake, akionekana hapa watamtenga zaidi. Nilimbembeleza, nikamgombeza, akakataa katakata. Nami nikapata homa, nikalala kitandani, sikuweza kuja peke yangu. Dawa zikaisha. Jana asubuhi ameanguka uani, amepasuka hapa. Alhamdulillahi hakuwa karibu na moto. Sasa naomba uniambie. Nje ya nyumba yangu, ugonjwa huu ulikuwa unajulikana hapa tu. Nani wa hapa aliyeutoa?"

Dokta Otto alimpeleka Zulfa kwa muuguzi akapewa dawa na kidonda kikasafishwa. Kisha akaingia chumba cha seva. Lidwina alijikunyata kwenye kona.

"Aurelia, angalia kwenye kumbukumbu za lango. Nani amefungua faili la yule mtoto mwezi huu?"

Mamdogo aliandika jina, akangoja, akasoma. Uso ukabadilika. "Limefunguliwa mara mbili, Dokta. Zote mbili kwa jina la Polikarp."

"Mtu mwingine?"

"Hakuna."

Kumbukumbu hazikusema uongo. Polikarp alikuwa amelifungua faili lile kwa sababu ndiyo kazi yake, kuandaa kadi za kliniki. Lakini lango halikuwa na njia ya kuandika kwamba mtoto wa darasa la sita alisoma karatasi iliyochapishwa.

Polikarp aliitwa. Alikana kwa utulivu mara tatu. Dokta Otto alimwambia aende nyumbani mpaka uchunguzi ukamilike, kisha akamwomba Mamdogo aandike taarifa rasmi.

Polikarp alichukua sweta lake na chupa yake ya chai. Alipopita mlangoni alimwona Lidwina, akajilazimisha kutabasamu. "Haya, dada mkubwa. Usome vizuri."

Lidwina alisikia hatua zake zikipita korido. Mamdogo alikuwa ameanza kuandika taarifa.

"Mamdogo," alisema. "Usiandike."

"Kwa nini?"

"Siyo yeye." Machozi yalimtangulia. "Ni mimi. Nilisoma jina la Zulfa kwenye zile karatasi. Nikamwambia Jane."

Vidole vya Mamdogo vilisimama juu ya kibodi. Lidwina alisubiri kufokewa, hata kupigwa, lakini Mamdogo aligeuza kiti polepole akamtazama.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Nilipoona wanamkimbia."

"Na ukakaa kimya."

"Niliogopa."

Mamdogo alivuta pumzi. Alifuta yote aliyokuwa ameandika. "Kimbia ukamwite Polikarp kabla hajafika barabarani. Halafu tutakwenda kwa Dokta sisi sote."

Lidwina alikimbia. Alimkuta Polikarp getini, akamshika mkono wa sweta. Aliweza neno moja tu: "Rudi."

Ofisini kwa Dokta Otto alisimulia tena, mara hii akiwa amesimama wima na mikono nyuma, mbele ya Bi Saada. Alipomaliza, Mamdogo hakusubiri kuulizwa.

"Mtoto amekosa kwa mdomo, Dokta, lakini kosa la kwanza ni langu. Nililiambia lango liandike kila kitu, majina na magonjwa ya watu. Hitilafu ilipopatikana nilitakiwa kurudisha mipangilio siku ileile, nikasahau. Mbaya zaidi, nilichapisha na kumpa mtoto asome. Haya yaandikwe kwa jina langu."

"Yataandikwa," Dokta Otto alisema bila kuficha kwamba amekasirika. Mamdogo alipewa barua ya onyo siku hiyohiyo. Kisha Dokta alimgeukia Polikarp, akampa mkono. "Nisamehe. Niliziamini karatasi haraka kuliko nilivyokuamini wewe."

Polikarp aliupokea mkono ule, lakini kwanza aliiweka chini chupa yake ya chai.

"Sasa," Dokta alisema, "twende kwenye hiyo seva. Nataka nione kwa macho yangu."

Walijaa kwenye kile chumba kidogo, Bi Saada akiwa kwenye kiti cha pili. Mamdogo alifungua mipangilio ya lango na kueleza kila alichofanya, kwa maneno ya kawaida. Saa ya ombi ibaki. Zahanati lilikotoka ibaki. Mfanyakazi aliyeomba abaki, pamoja na namba ya jibu na sekunde zilizotumika. Hayo yanatosha kutafuta hitilafu. Jina la mgonjwa liondoke, pahali pake pakae namba isiyoeleweka kwa mtu wa nje. Maelezo ya ugonjwa yasiandikwe kabisa. Kumbukumbu zijifute zenyewe baada ya siku kumi na nne, na wa kuzifungua wawe yeye na Dokta tu. Kisha akafuta mafaili yote yaliyoandikwa kwa urefu, na lile bunda la karatasi wakalichana vipande vidogo vidogo.

"Hebu jaribu," alisema Bi Saada, ambaye alikuwa amefuatilia kila neno.

Polikarp alifungua faili la mgonjwa wa kubuni. Kwenye kioo ukatokea mstari mmoja: saa, jina la Polikarp, namba 200 ya kuonyesha limepita, nusu sekunde. Mahali pa mgonjwa palikuwa na namba tu.

"Hapo sawa," alisema Bi Saada.

Lidwina hakuruhusiwa tena kuingia chumba kile. Kuanzia siku hiyo alifanyia kazi zake kwenye benchi la mapokezi, na hakulalamika.

Jumatano alasiri, yeye, Jane na Mamdogo walikwenda nyumbani kwa akina Zulfa. Zulfa alikuwa uani anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Zulfa, ni mimi niliyesema," Lidwina alianza. "Nimekuja kukuomba msamaha."

"Mama ameniambia. Kwa nini ulisema?"

Lidwina alikuwa ameandaa maneno mengi njiani. Yote yalimpotea, ukabaki ukweli. "Nilitaka Jane aone kwamba mimi ni mtu mkubwa."

"Kwa hiyo ukatumia ugonjwa wangu."

"Ndiyo."

"Na mimi nikaupeleka kwa dada," Jane alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe."

Zulfa alichagua kijiwe kwenye mchele, akakitupa. Alisema, "Bado nina hasira. Sijui itaisha lini."

"Haya," alisema Lidwina. "Mimi nitasubiri."

Walipokuwa wanaondoka, Zulfa aliwaita. "Kwa kuwa wameshajua, basi wajue vizuri. Mwambieni Dokta aje darasani. Na mimi nitakuwepo. Sijifichi tena."

Ijumaa Dokta Otto alikuja darasa la sita. Aliwaeleza kwamba kifafa ni ugonjwa wa ubongo, hakiambukizi kwa mate, wala kwa kugusana, wala kwa kukaa dawati moja, na kwamba anayemeza dawa zake kila siku anaweza kusoma, kucheza na kufanya kazi kama wengine. Akawafundisha la kufanya mtu akianguka: ondoa vitu vigumu karibu naye, legeza nguo shingoni, usimkandamize, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni. Ikipita dakika tano hajatulia, apelekwe hospitali haraka.

Remmy, mvulana wa dawati la mbele, aliinua mkono. "Dokta, kwa hiyo tulimkimbia bure?"

"Bure kabisa," alijibu Dokta.

Kisha Lidwina alisimama, bila kuambiwa na mtu, akasema mbele ya darasa zima kwamba yeye ndiye aliyetoa siri ambayo haikuwa yake. Noela alibeba mkoba wake, akarudi kwenye dawati la Zulfa. Zulfa alisogea kidogo kumpa nafasi.

Zulfa na Lidwina hawakuwa marafiki mara moja. Zilipita wiki tatu za salamu fupi. Alhamisi ya kliniki ilipofika, Zulfa aliingia kituoni akiwa na sare ya shule, akapita mlango wa mbele, akachukua dawa zake. Alipotoka alisimama mbele ya benchi la mapokezi.

"Kesho tuna rede na darasa la saba," alisema. "Tumepungukiwa mtu mmoja. Unakuja?"

"Nakuja," alisema Lidwina, akabaki anamtazama mpaka alipotoka nje.

Mamdogo alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi yake. Alikuja, akakaa kwenye benchi karibu na mpwa wake.

"Ulipata ujasiri wa kusema ukweli wakati ungeweza kunyamaza, na ukweli huo ulimrudisha Polikarp kazini," alisema. "Nakusifu kwa hilo. Lakini angalia umechukua wiki ngapi kurekebisha neno ulilolisema kwa nukta moja, na kovu la Zulfa bado liko usoni. Ugonjwa wa mtu ni habari yake mwenyewe. Yeye ndiye anayechagua nani ajue na nani asijue. Wewe ukiupata kwa bahati, kwenye karatasi au kwa kusikia, umeachiwa kitu cha mwenzako ukitunze. Mimi nilisahau hilo nikiwa kazini, wewe ulilisahau ukiwa njiani na Jane. Tusisahau tena, wewe na mimi."

"Sitasahau, Mamdogo."

"Haya, funga madaftari. Saa kumi na moja imefika, twende nyumbani."